Mpini na Mkono: Sayansi ya Kuchagua na Kutia Mpini Mpya

Miezi ya Oktoba na Novemba, katika Kiegei wilayani Nachingwea na katika vijiji vya jirani vya Ruangwa, ni miezi ya mipini. Nchi hiyo ya kusini hupata msimu mmoja tu wa mvua, aghalabu tangu Desemba hadi Aprili, na kabla wingu la kwanza halijatanda kila nyumba hutoa majembe na mashoka yake na kuyakagua. Jembe lililolima vizuri mwezi wa Machi sasa linacheza katika mpini wake kama jino bovu. Mwenyewe hulitumbukiza katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi hulikuta limekaza barabara, akaridhika. Baada ya wiki mbili jembe hilo hilo limelegea kuliko lilivyokuwa kabla ya kutiwa majini.

Jambo hili huonekana dogo, na kwa sababu hiyo haliingii sana katika vitabu vya shule. Hata hivyo limebeba sehemu kubwa ya fizikia ya kidato cha pili na cha tatu, pamoja na habari za botania na kemia ambazo mwalimu anaweza kuzionyesha bila ya kununua chombo chochote. Tena limebeba hatari. Tuseme jembe lenye masi ya kilo 1.2 linashuka kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde. Nishati-mwendo yake ni nusu ya masi mara mraba wa kasi, yaani ½ × 1.2 × 64, ambayo ni jouli 38.4. Hiyo ndiyo nishati ambayo jembe hilo lingekuwa nayo kama lingeangushwa kutoka kimo cha zaidi ya mita 3. Na kwa kuwa jembe husafiri katika tao, tuseme lenye nusu-kipenyo cha mita 1.2, mpini hauna budi kulivuta kuelekea kwa mkulima kwa kani ya 1.2 × 64 ÷ 1.2, yaani nyutoni 64, ambayo ni zaidi ya mara tano ya uzito wa jembe lenyewe. Kani hii yote hupita katika kiungo kimoja, pale chuma kinapokutana na mti. Kiungo kikishindwa, chuma huondoka kwa kasi ile ile kuelekea kule kilikokuwa kikielekea. Katika shamba la shule, ambako wanafunzi husimama safu moja wakilima bega kwa bega, kule kinakoelekea pana mguu wa mtu.

Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Mpini mbovu humtupa.

MSUKA NA TUNDU

Majembe na mashoka yanayotumika Tanzania huungwa na mipini yake kwa njia mbili, nazo hazifanani kitabia hata kidogo.

Njia ya kwanza ni ya kale. Chuma huwa na msuka, yaani mkia mwembamba uliochongoka, na msuka huo hupenya katika kichwa kinene cha mpini. Ndivyo yalivyo mashoka ya wahunzi wa kienyeji na majembe mengi ya zamani. Njia ya pili ni ya tundu: chuma kina pete, na mpini hupita ndani ya pete hiyo. Majembe ya tundu yaliletwa kwa wingi kutoka viwanda vya ng'ambo, mathalani yale yenye alama ya mamba ya kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Baadaye viwanda vya zana za kilimo vya Ubungo, Dar es Salaam, na vya Mbeya navyo vilitengeneza majembe nchini.

Tofauti ya njia hizi mbili ni hii: katika jembe la msuka mti unakizunguka chuma, na katika jembe la tundu chuma kinauzunguka mti. Mti ukikauka hunywea. Mpini ulio ndani ya tundu la chuma hupungua unene, na chuma hakipungui. Basi nafasi hutokea kati yao na jembe hucheza. Lakini tundu lililotobolewa katika mti, mti ukinywea, nalo hupungua. Wanafunzi wengi hubisha jambo hili. Hudhani kwamba mti ukinywea tundu lake litapanuka. Na wachukue kipande cha karatasi, wachore duara katikati, halafu wafikirie karatasi nzima imepigwa picha ndogo zaidi. Duara nalo limekuwa dogo. Kwa hiyo kiangazi hulegeza jembe la tundu, na hukaza jembe la msuka. Ubaya wa msuka ni kwamba chuma hakikubali kubanwa, na mti unaoendelea kunywea huku umezuiwa huishia kupasuka. Ndiyo sababu mipini ya msuka haitupwi kwa kulegea, bali kwa ufa.

Kuna tofauti ya pili. Jembe la msuka linapopiga ardhi, ardhi hulisukuma nyuma, na msuka wenye umbo la kabari huzama zaidi ndani ya mti. Kila pigo hukaza kiungo. Jembe la tundu hukazwa na ule mvuto wa nyutoni 64 uliotajwa hapo juu: mpini una unene zaidi kwenye ncha ya mbele, na jembe likizungushwa hujivuta lenyewe kuelekea kwenye unene huo, kama sururu inavyofanya. Wahunzi wa zamani waliobuni msuka hawakuwa na mahesabu haya katika maandishi, lakini umbo walilolifikia lingepata alama nzuri kwa mhandisi yeyote.

MTI NA MAJI

Maji yaliyomo ndani ya mti ni ya namna mbili. Kuna maji huru, yaliyomo katika matundu ya seli kama maji ndani ya mtungi, na kuna maji yaliyoshikamana na kuta za seli zenyewe. Mti mbichi ukianza kukauka hupoteza kwanza maji huru, na wakati huo unapungua uzito bila ya kupungua ukubwa. Unyevu unapofika karibu asilimia 28 hadi 30 ya masi ya mti mkavu, maji huru yamekwisha, na kuta za seli ndizo zinazoanza kutoa maji yake. Tangu hapo mti hunywea.

Haunywei sawasawa pande zote. Kufuata urefu wa nyuzi, mti hupungua kiasi kidogo mno, aghalabu asilimia 0.1 hadi 0.2 tu tangu ubichi hadi ukavu kamili. Kutoka kiini kuelekea gome hupungua asilimia 3 hadi 5 katika miti mingi. Na kufuata mzunguko wa shina hupungua karibu mara mbili ya hapo. Tofauti hii ya mwisho ndiyo inayopasua fito za mviringo zikauke upesi: mzunguko wataka kufupika kuliko kipenyo kinavyoruhusu, na ufa hufunguka kuelekea kiini.

Tuchukue hesabu. Mpini una unene wa milimita 50 ndani ya tundu, na mti wake hupungua asilimia 8 kufuata mzunguko, tangu unyevu wa asilimia 28 hadi sifuri. Kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka, unene hupungua asilimia 8 ÷ 28, yaani karibu asilimia 0.29. Mti ulioachwa hewani hupatana na hewa. Kwenye nyuzijoto 30, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80 huupa mti unyevu wa karibu asilimia 16. Hewa yenye asilimia 45 huupa karibu asilimia 8. Kwa hiyo kutoka siku za mvua hadi siku za ukame, mpini huu hupoteza sehemu nane za unyevu na kupungua karibu asilimia 2.3, ambayo ni zaidi ya milimita 1. Na kama mpini ulitiwa ukiwa mbichi, ukaja kukauka hadi asilimia 10, hupoteza sehemu kumi na nane na kupungua milimita 2.6. Hakuna kabari inayoweza kuficha kosa la ukubwa huo kwa muda mrefu.

Sasa ndoo ya maji inaeleweka. Mti mkavu uliotiwa majini wataka kupanuka milimita mbili, lakini pete ya chuma hairuhusu. Seli za nje, zilizobanwa kati ya chuma na mti unaovimba, hupondwa. Mpini hukaza, ni kweli. Lakini ukikauka tena haurudi katika ukubwa wake wa jana. Hunywea kuanzia ule ukubwa uliopondwa, na kuwa mwembamba kuliko mwanzo. Mkulima anayeloweka jembe lake kila wiki anautafuna mpini wake polepole. Ni afadhali kidogo wale wanaofunga ukanda wa mpira wa baiskeli kati ya mti na chuma, ingawa mpira nao hubonyea kwa kila pigo, huacha chuma kisogee, na msogeo huo husaga nyuzi. Dawa ya mpini mwembamba ni kutia kabari upya au kutafuta mpini mwingine.

MTI GANI?

Mtu akitaja mti mgumu wa Nachingwea, Ruangwa na Kilwa, jina la kwanza ni mpingo, Dalbergia melanoxylon. Kiini chake cheusi chenye rangi ya zambarau ni kizito kuliko maji. Densiti yake ni karibu gramu 1.2 hadi 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo, na kipande chake kikitupwa ndani ya ndoo huzama. Mchwa hawauwezi. Ukiisha kukauka haubadiliki sana umbo, nao hukubali kuchongwa mistari midogo sana bila ya kumeguka. Kwa ajili hiyo wachongaji wa Kimakonde wameuenzi, na viwanda vya Ulaya huufanya klarineti na zumari nyingine.

Basi je, mpingo ndio mti bora wa mpini? Jawabu lategemea mpini wa kitu gani. Kuna mipini ambayo kazi yake ni kujaza kiganja tu: kipini cha kisu, au vile vibao viwili vinavyofungwa kwa skrubu kila upande wa kishikio cha bastola. Vibao hivyo havina urefu wa wenzo, wala havipigi kitu. Chuma cha ndani ndicho kinachobeba kani. Vinachotakiwa kufanya ni kutobadilika ukubwa, ili skrubu zisilegee na kingo zisiinuke, na kushika mikato midogo midogo inayoongeza msuguano dhidi ya mkono wenye jasho. Kwa kazi hiyo mpingo una wapinzani wachache duniani, na vibao vya bastola na vipini vya visu vya thamani hutengenezwa kwa mti huo. Anayebadilisha vibao kama hivyo hukutana na sheria zile zile za mkulima wa Kiegei, ila kwa vipimo vidogo: mti uwe umekauka kabla ya kutobolewa, uso wake wa ndani ukae juu ya chuma bila ya kuyumba, na skrubu isikazwe kupita kiasi, kwa kuwa mti uliobanwa hadi kupondwa hautabana tena. Kitako cha bunduki ni kitu cha katikati, maana ni kirefu na hupokea kishindo. Wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa na kambi yao Nachingwea hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 walitumia silaha za Umoja wa Kisovyeti na China. Na kitako cha bunduki ya AKM, iliyotolewa mwaka 1959, kilifanywa kwa tabaka nyembamba za mti wa birchi zilizounganishwa kwa gundi, ili tabaka moja izuie nyingine isipinde.

Mpini wa jembe au wa shoka ni habari nyingine. Kwanza ni uzito. Mpini wa urefu wa sentimita 90 na kipenyo cha milimita 35 una ujazo wa karibu sentimita 866 za ujazo. Ukiwa wa mninga, wenye densiti ya karibu 0.65, una gramu 560. Ukiwa wa mpingo una gramu 1,080. Nusu kilo ya ziada, inyanyuliwe mara elfu mbili kwa siku, ni tani moja iliyonyanyuliwa bure. Pili ni tabia ya mti unapopigwa. Ugumu si sawa na ushupavu. Mti mgumu hukataa kupinda, na kishindo chote hufika kwenye kifundo cha mkono. Mti shupavu hupinda kidogo, hunywa nishati ya pigo, halafu hurudi. Kwa sababu hiyo Wamarekani hutumia mti wa hikori kwa mashoka yao, na Waingereza mti wa ashi, wala hawatumii miti yao iliyo migumu kuliko yote.

Ndugu wa hikori katika misitu ya miyombo ni mkole, wa jamii ya Grewia. Hauwi mnene, lakini nyuzi zake ni ndefu na hupinda bila ya kuvunjika. Ndiyo maana watu wameufanya pinde tangu zamani, na gome lake kamba. Fito la mkole lililonyooka ni mpini ulioumbwa tayari. Mpera wa nyuma ya nyumba nao hutoa mpini mzuri, na watu huusahau kwa kuwa wameuzoea kwa matunda. Mkorosho, ambao matawi yake hupogolewa kila mwaka na kurundikwa bure pembeni mwa shamba, hushawishi sana. Lakini mti wake ni mwepesi na laini, na mpini wake haumalizi msimu.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi msituni kutafuta fito hana budi kwanza kuuliza serikali ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji mamlaka juu ya misitu yao, na katika Kilwa vijiji viliweza, mwaka 2009, kupata cheti cha kimataifa cha FSC kwa utunzaji wa misitu yenye mpingo. Mpingo huchukua muda mrefu mno kukomaa. Makadirio yaliyozoeleka ni miaka 70 hadi 100. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii ya Dalbergia imo chini ya mkataba wa CITES. Kukata mpingo mchanga ili kupata mpini wa jembe, huku mkole umesimama kando yake, ni hasara isiyo na faida hata kwa jembe.

NYUZI ZENYEWE

Baada ya aina ya mti, jambo kubwa kuliko yote ni mwelekeo wa nyuzi. Mti una nguvu kufuata nyuzi zake, kama fungu la mirija iliyogandishwa pamoja. Kukatiza nyuzi ni dhaifu. Nyuzi zikienda sambamba na mpini, nguvu yote inapatikana. Zikikengeuka sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu, nguvu ya kuhimili kupindwa hushuka hadi karibu asilimia 81, na nguvu ya kuhimili pigo la ghafla hadi asilimia 62. Zikikengeuka 1 kwa 5, nguvu ya kupindwa hubaki asilimia 55 na ya kuhimili pigo 36 tu. Mwanafunzi ataona kwamba pigo la ghafla huadhibu kasoro ya nyuzi kuliko mzigo wa polepole, na mpini hauishi kwa mizigo ya polepole.

Kwa hiyo fito la asili, ambalo nyuzi zake hazikukatwa na msumeno, mara nyingi hushinda mpini mzuri wa dukani uliopasuliwa katika ubao bila ya kujali nyuzi zinakwenda wapi. Kujua mwelekeo wa nyuzi katika mpini uliorandwa ni rahisi: tone la wino huenea kufuata nyuzi. Kifundo cha tawi kisikubaliwe katika theluthi ya mpini iliyo karibu na chuma, kwa maana hapo ndipo unapopindwa zaidi.

Unene nao una hesabu yake. Ukinzani wa mpini dhidi ya kuvunjika hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, na ukinzani dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha nne. Mpini wa milimita 38 ukilinganishwa na wa milimita 32 una uzito wa mara 1.4 tu, lakini una nguvu mara 1.7 na ukakamavu mara 2. Mhandisi angesema basi, ongeza unene. Mkono unakataa.

MKONO

Mwaka 1956 John Napier, daktari wa Kiingereza, aligawanya mishiko ya mkono wa binadamu katika makundi mawili: mshiko wa nguvu, ambao vidole hukizunguka kitu na kukibana kiganjani, na mshiko wa ustadi, ambao kitu hushikwa kati ya ncha za vidole na kidole gumba. Ni Napier huyo aliyechunguza mifupa ya mkono iliyopatikana Olduvai mwaka 1960, na mwaka 1964, pamoja na Louis Leakey na Phillip Tobias, akashiriki kumpa kiumbe huyo jina la Homo habilis, mtu stadi. Mawe ya Olduvai hayakuwa na mipini. Yalikumbatiwa na kiganja moja kwa moja, na kishindo chote kiliingia mfupani.

Katika mshiko wa nguvu misuli ya vidole hufanya kazi vizuri pale vidole vinapokaribia kukutana na kidole gumba. Mpini ukiwa mnene mno, vidole hubaki vimefunguka na nguvu ya kubana hupungua. Ukiwa mwembamba mno, kani ile ile hukaa juu ya eneo dogo la ngozi, kanieneo huongezeka, na malengelenge hutokea. Kwa watu wazima walio wengi kipenyo kinachofaa kiko kati ya milimita 30 na 40. Kipimo cha shambani hakihitaji rula: mtu ashike mpini kwa mkono mmoja, ncha ya kidole cha kati ikigusana kidogo na kidole gumba, au ikibakiza nafasi ya upana wa kucha, mpini umemfaa. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya kulima kwa jembe hufanywa na wanawake, ambao mikono yao kwa wastani ni midogo, ilhali mpini mara nyingi huchongwa na mwanamume anayejipima mwenyewe. Shule nazo huwapa watoto wa kidato cha kwanza mipini ya watu wazima.

Urefu unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu unamgusa mtu mgongoni. Tuseme sehemu ya juu ya mwili ina masi ya kilo 35, na mkulima ameinama hadi kitovu cha uzito wake kiko sentimita 25 mbele ya kiungo cha nyonga. Momenti yake ni 35 × 9.8 × 0.25, yaani karibu nyutoni-mita 86. Misuli ya mgongo inayozuia mwili usianguke iko umbali wa karibu sentimita 5 tu kutoka kwenye uti; basi yapasa ivute kwa kani ya 86 ÷ 0.05, ambayo ni zaidi ya nyutoni 1,700, sawa na uzito wa kilo 175. Hapo mkulima hajanyanyua jembe bado. Akisimama wima zaidi, umbali ukawa sentimita 10, kani hushuka hadi karibu nyutoni 690. Mpini mfupi, ambao wengi huusifu kwa wepesi wake, hulipwa na mgongo. Hata hivyo kurefusha mpini peke yake hakutoshi: kama pembe kati ya jembe na mpini ni kali na haikubadilishwa, jembe litaparuza ardhi badala ya kuichimba. Anayerefusha mpini na atoboe tundu la msuka kwa pembe pana zaidi.

KUTIA MPINI

Fito hukatwa wakati wa kiangazi, likamenywa gome, na ncha zake zikapakwa nta au tope zito, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi katika ncha na hapo ndipo nyufa huanzia. Hukaushwa kivulini, limelazwa juu ya vipande vya mti ili hewa ipite chini yake. Ni muda gani? Mizani ndiyo inayojibu: fito likipimwa kila wiki, na uzito wake ukakoma kushuka, limepatana na hewa. Fito hukatwa refu kuliko mpini unaotakiwa, ili ncha zilizopasuka ziondolewe.

Kwa jembe la msuka, kichwa cha mpini huchaguliwa pale tawi lilipoungana na shina, au karibu na mzizi, ambapo nyuzi zimesukana na hazipasuki kwa urahisi. Hutobolewa kwanza kwa keekee tundu jembamba kuliko msuka, halafu msuka huchomwa motoni hadi uwe mwekundu na kusukumwa ndani, kidogo kidogo, ukitolewa na kuchomwa tena. Bapa la jembe lifungwe kitambaa cha majimaji wakati huo, kwa maana joto likifika kwenye makali huondoa ugumu aliouweka mhunzi. Upande mpana wa msuka uelekee urefu wa nyuzi. Msuka ni kabari. Ukitanuka kukatiza nyuzi, utazipasua kama shoka linavyopasua kuni. Kichwa kibakize angalau sentimita 5 au 6 za mti mzima mbele ya tundu.

Kwa jembe la tundu au shoka la tundu, kazi yote iko katika kugusana. Ndani ya tundu hupakwa masizi ya chungu, mpini huingizwa, hugongwa kidogo na kutolewa. Palipo na weusi ndipo panapogusa, na hapo hupunguzwa kwa tupa. Hurudiwa hadi weusi uenee pande zote. Mpini unaogusa katika sehemu mbili au tatu tu utakaza siku ya kwanza, halafu sehemu hizo zitapondwa. Shoka hutiwa kabari ya mti mgumu uliokauka kuliko mpini wenyewe. Na hapa kipande cha mpingo kilichobaki kwa mchongaji kina kazi ya heshima. Msumari usitumike mahali pa kabari. Msumari haujazi nafasi, unafungua ufa.

Mwisho ni uso wa mpini. Vanishi hupendeza dukani, lakini ni laini kama kioo. Mkono wenye jasho huteleza, mkulima hubana kwa nguvu zaidi, na malengelenge huanza. Mpini hulainishwa kwa msasa na kupakwa mafuta. Mafuta yanayoganda hewani ni yale yenye iodini namba kubwa: ya kitani ina 170 hadi 200, ya ufuta 104 hadi 120, ya karanga 84 hadi 100, ya nazi 8 hadi 10. Ya kitani hayapatikani vijijini. Ufuta hulimwa Nachingwea na Ruangwa kwa wingi, nao, ukipakwa kidogo kidogo na kufutwa, mpini ukaanikwa juani kwa siku kadhaa, hufaa kuliko nazi au karanga. Nta ya nyuki juu yake hupunguza kasi ya maji kuingia na kutoka. Mafuta ya ganda la korosho yasitumike kamwe yakiwa mabichi, ingawa ni ya bure na meusi ya kupendeza: yana asidi anakadi na kardoli, ambazo huunguza ngozi, na mpini uliopakwa utamchoma kila atakayeushika na kutoka jasho. Vumbi la mpingo nalo huwawasha watu wengine ngozi na pua. Asugaye na afunge kitambaa.

MAZOEZI

1. Kata kipande cha fito bichi na ukipime. Kianike juu ya bati, au ukiweke katika tanuri ya maabara kwenye nyuzijoto 103, hadi uzito wake ukome kupungua. Unyevu ni masi iliyopotea, igawanywe kwa masi ya mti mkavu, mara 100. Kipande cha gramu 86 kilichobaki gramu 50 kilikuwa na asilimia 72. Eleza kwa nini jawabu linaweza kuzidi 100 kwa miti fulani, na kwa nini haliwezi kwa mpingo.

2. Shika ncha ya fimbo iliyonyooka ya sentimita 90 na upige ukingo wa meza kwa sehemu mbalimbali za fimbo hiyo. Tafuta mahali ambapo mkono hausikii mtikiso. Je, ni karibu sentimita 60 kutoka mkononi? Sasa funga jiwe kwenye ncha ya mbele na urudie. Mahali pale pamehamia wapi, na hilo lasema nini juu ya shoka jepesi lenye mpini mzito?

3. Pima kwa uzi mzunguko wa mipini yote ya majembe ya shule, ugawanye kwa 3.14, na uandike vipenyo. Halafu kila mwanafunzi apime mpini unaomfaa kwa kipimo cha kidole cha kati na kidole gumba. Chora grafu mbili juu ya karatasi moja.